Anwani Zisomekazo katika Programu ya WordPress: Uhakiki wa Mwandiko Wake

Kila andiko liwekwalo katika intaneti hupewa anwani, na anwani hiyo ndiyo jina ambalo kwalo andiko hutafutwa, hutajwa na kukumbukwa. Wataalamu wa lugha wamezoea kuyahakiki maandishi yenyewe. Anwani zake wamewaachia mafundi. Desturi hiyo haifai kuendelea. Anwani huandikwa kwa herufi, husomwa kwa macho, hutamkwa kwa kinywa, na wanafunzi huinakili katika tasnifu zao. Kwa hiyo nayo ni mwandiko, tena mwandiko wenye kanuni zake za tahajia. Na kanuni hizo hutumika juu ya Kiswahili kila siku, ijapokuwa hazikutungwa kwa ajili yake.

Katika makala hii yahakikiwa anwani za programu moja, nayo ni WordPress, iliyoanza kama chombo cha kuandikia blogu na ambayo leo hutumiwa pia na magazeti, vyuo na majarida ya kitaaluma. Ilitolewa mwezi Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, walioijenga juu ya programu iliyotangulia iitwayo b2, kazi ya Michel Valdrighi. Toleo lake la 1.0, la Januari 2004, ndilo lililoleta anwani zisomekazo. Kabla ya kuzisifu au kuzilaumu, yapasa kwanza kueleza zilivyo na jinsi zifanyavyo kazi.

Anwani ya asili ya WordPress ni ya namba. Makala ya 123 katika hifadhidata, yaani hazina ambamo maandishi yote ya tovuti huwekwa, huitwa example.org/?p=123. Anwani isomekayo ya makala hiyo hiyo yaweza kuwa example.org/2015/04/methali-za-wavuvi/. Aonaye ile ya kwanza hajui lolote ila kwamba kuna kitu cha 123. Aonaye ya pili ajua mwaka, mwezi na jambo linalozungumzwa, hata kabla hajaifungua. Faida hiyo si ndogo. Anwani ya namna hii yaweza kutajwa redioni au kuandikwa ubaoni, na mtu akikosea herufi moja aweza kuliona kosa lake mwenyewe. Lakini aliyeandika 132 badala ya 123 hana cha kumwonya.

Jambo la ajabu ni kwamba anwani hiyo ya pili haionyeshi mahali popote palipo kweli. Katika mashine hakuna saraka ya 2015, wala ya 04, wala faili liitwalo methali-za-wavuvi. Seva, yaani programu ipokeayo maombi ya wasomaji na kuyajibu, kwa tabia yake ya asili hutafuta faili. Isipoliona hujibu kwa namba 404, maana yake kilichotafutwa hakionekani. Ili anwani isomekayo ipate maana, lazima seva ifundishwe kwamba ikikosa faili isikatae, bali ilikabidhi ombi zima kwa faili moja, index.php, ambalo ndilo mlango wa WordPress. Hapo WordPress hulisoma jina, hulilinganisha na yaliyomo katika hifadhidata, na kutoa makala inayotakiwa.

Katika seva ya Apache kazi hiyo hufanywa na mod_rewrite, kiungo kilichoandikwa na Ralf S. Engelschall mwaka 1996 na kukabidhiwa kundi la Apache mwaka 1997. WordPress huandika kanuni chache katika faili liitwalo .htaccess, na kiini chake ni masharti mawili na amri moja: ikiwa kilichoombwa si faili lililopo, wala si saraka iliyopo, basi kipelekwe index.php. Uzuri wa kanuni hizi ni ufupi wake. Picha na mafaili mengine ya kweli huendelea kutolewa na seva kama kawaida, na seva haihitaji kujua idadi ya makala wala majina yake. Ujuzi wote umebaki ndani ya WordPress.

Njia hii haikuwa pekee iliyowezekana. Movable Type, programu ya blogu iliyotolewa na Ben na Mena Trott mwaka 2001, ilikuwa na desturi ya kuiandika kila makala kama faili kamili mahali pake. Huko anwani iliweza kusomeka bila ya seva kufundishwa lolote, kwa kuwa faili lenyewe lilikuwapo. Gharama yake ni kwamba badiliko dogo la umbo la tovuti lilidai mafaili yote yaandikwe upya. WordPress ilichagua wepesi wa kubadilisha, ikakubali kuitegemea seva. Uchaguzi huo una sababu njema, lakini ndio mzizi wa kasoro ya kwanza.

Kasoro hiyo ni kwamba WordPress huahidi jambo ambalo utimizaji wake umo mikononi mwa mwingine. Apache 2.4, iliyotolewa mwaka 2012, huyapuuza mafaili ya .htaccess isipoambiwa vinginevyo, na matoleo yaliyotangulia yalikuwa yakiyatii. Katazo hilo huondolewa kwa neno AllowOverride, liandikwalo katika mafaili makuu ya seva, ambayo mwenye blogu kwa kawaida hana ruhusa ya kuyagusa. Matokeo yake ni haya: ukurasa wa mbele wafunguka vizuri, kwa sababu faili la index.php lipo na seva yaliona. Lakini kila makala ikiombwa, jibu ni 404. Mwenye blogu hudhani kazi yake imepotea. Haikupotea, imo yote katika hifadhidata, na akiurudisha mpango wa namba, makala zote zitafunguka tena. Kilichokosekana ni mkalimani mlangoni.

Je, WordPress huchunguza kama mkalimani yupo? Hapa uhakiki wa haki hauna budi kutenganisha nyakati mbili. Tangu toleo la 4.2, la mwaka 2015, programu hii hujijaribu yenyewe inaposimikwa: huweka mpango wa anwani zisomekazo, hujipelekea ombi kwa anwani ya namna hiyo, na jibu likiwa sahihi huuacha mpango ulivyo. Likikosekana hujaribu umbo jingine lenye neno index.php ndani yake, na hilo nalo likishindwa hurudi kwenye namba. Mwenendo huo ni wa kusifiwa, kwa kuwa umetanguliza ushahidi mbele ya ahadi. Lakini mwenye blogu akibadili mpango baadaye kwa hiari yake, jaribio hilo halirudiwi. Zaidi ya hayo, programu ikiwa juu ya Apache na isipoweza kujua kama mod_rewrite ipo au haipo, huchukulia kwamba ipo. Dhana njema ni tabia njema baina ya watu. Kwa mashine yatakiwa hakika.

Kwa seva nyingine mambo hutofautiana. Seva ya nginx, kazi ya Igor Sysoev iliyotolewa mwaka 2004, haisomi .htaccess kabisa. Kanuni yake ni mstari mmoja wenye neno try_files, nao huandikwa katika mafaili makuu, kisha seva huamriwa iyasome upya. WordPress haiwezi kuuandika mstari huo kwa niaba ya mtu. Huchukulia kwamba msimamizi amekwisha kuuandika. Kwa IIS ya Microsoft, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2009, WordPress huweza kuandika kanuni katika faili la web.config, mradi kiungo cha kuandika anwani upya kimewekwa. Hivyo programu ni moja, na kitufe cha kubonyeza ni kimoja, lakini maana ya kukibonyeza yategemea nyumba ambamo programu imepangishwa.

Palipo na katazo lisiloondoleka, hubaki lile umbo la kati: example.org/index.php/2015/04/methali-za-wavuvi/. Hapa seva haihitaji kuandika anwani upya. Hulikuta faili la index.php, nalo ni faili la kweli, kisha hulipa kipande cha anwani kinachofuata. Umbo hili husaidia, lakini halipendezi, wala si kwa macho tu. Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, alieleza katika insha yake ya mwaka 1998 kwamba anwani njema ni ile isiyobadilika, na kwamba yafaa kuacha nje ya anwani kila kitu kiwezacho kubadilika, pamoja na dalili za programu itumikayo. Neno index.php ni dalili ya namna hiyo hasa. Siku tovuti itakapohamia programu nyingine, litabaki pale kama jina la mpangaji aliyekwisha kuhama.

Hata hivyo, kasoro za seva zina dawa: msimamizi akiandika mstari mmoja, zimekwisha. Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwa wanalugha, kwa kuwa hutokea hata pale ambapo seva yatii kwa ukamilifu. Nayo ni namna WordPress inavyokigeuza kichwa cha makala kuwa jina la anwani.

Kanuni zake ni hizi. Herufi kubwa hufanywa ndogo. Nafasi baina ya maneno hufanywa kistari. Herufi za Kilatini zenye alama juu yake huvuliwa alama hizo. Mwisho, kila kisichokuwa herufi kutoka a hadi z, au tarakimu, au kistari, au mstari wa chini, au alama ya asilimia, hufutwa. Kwa Kiingereza kanuni hizi hudhuru kidogo sana. Kwa Kiswahili sanifu zaelekea kutodhuru kitu, maana tahajia yetu haina herufi zenye alama juu. Lakini ina alama moja ndogo ibebayo sauti nzima, nayo ni ritifaa ya ng'.

Ritifaa hiyo si pambo. Ni sehemu ya herufi, na ndiyo itengayo nazali ya kaakaa laini iliyo peke yake na nazali ifuatwayo na g. Kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi; ngoa ni uchu au wivu. Mwandishi akitunga makala mbili, moja yenye kichwa Ng'oa na nyingine yenye kichwa Ngoa, ya kwanza itaitwa ngoa katika anwani yake. Ya pili, kwa kuwa programu hairuhusu majina mawili yaliyo sawa, yaweza kuitwa ngoa-2. Maneno mawili yasiyo na udugu yamefanywa neno moja na nakala yake. Wenye kuandika lahaja za kaskazini hupoteza zaidi. Katika Kimvita mpumuo hutofautisha maana: paa la nyumba halina mpumuo, na p'aa, yule mnyama wa mwituni, ana mpumuo, ambao wanazuoni kadhaa huuonyesha kwa ritifaa. Anwani humfanya mnyama kuwa paa la nyumba. Jarida la isimu likichapisha uchunguzi juu ya jozi ya maneno hayo, anwani ya uchunguzi huo itaikana hoja yake.

Yaweza kujibiwa kwamba sheria ya anwani ndiyo iliyokataza. Sivyo. Maelezo rasmi ya anwani yaitwayo RFC 1738, ya mwaka 1994, na yale ya RFC 3986, ya mwaka 2005, yote yairuhusu ritifaa ibaki kama ilivyo. Aliyeikataza ni WordPress. Na mhariri akiirudisha kwa mkono, programu huifuta tena wakati wa kuhifadhi. Mafundi wana sababu yao. Katika lugha nyingi za programu ritifaa hutumika kufungia maneno, na alama ya kufungia ikitokea mahali isipotazamiwa yaweza kuleta kosa, hata hatari. Sababu hiyo ina uzito, lakini haitoshi, maana programu hii hii imezihudumia lugha nyingine kwa uangalifu zaidi. Tovuti ikiwa ya Kijerumani, herufi ä haifanywi a bali ae, kama Wajerumani wenyewe waandikavyo wakiikosa herufi hiyo. Ikiwa ya Kidenmaki, å hufanywa aa. Kikatalani na Kiserbia pia vimepewa kanuni zao. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo. Mlango, basi, upo. Kilichobaki ni wenye lugha kubisha hodi wakiwa na pendekezo moja walilokubaliana.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miswada ya namna hiyo imehifadhiwa Dar es Salaam na London, na mtu atakaye kuitangaza katika intaneti kwa mwandiko wake wa asili ana haki ya kuiita kwa mwandiko huo huo. WordPress haizifuti herufi hizo. Huzigeuza kuwa alama za asilimia. Herufi sin peke yake huwa %d8%b3, yaani alama sita mahali pa herufi moja. Nalo jina la anwani limewekewa mpaka wa alama 200. Hesabu ni nyepesi: herufi 33 zatosha kulijaza. Tena Kiswahili hakisomeki vizuri kwa mwandiko huo bila ya irabu zake, na kila irabu iliyotiwa juu au chini ya herufi huhesabiwa alama sita nyingine. Kichwa kilichotiwa irabu zote, basi, hukatwa baada ya herufi kumi na sita au kumi na saba. Vivinjari vingi humwonyesha msomaji herufi zenyewe, lakini akiinakili anwani na kuiweka katika tasnifu, mara nyingi hupata mfululizo wa alama za asilimia usiosomwa na mtu yeyote. Kile kiitwacho anwani isomekayo kimekuwa kigumu kuliko ile namba kilichokuja kuiondoa.

Kisha kuna maneno ambayo programu imeyaweka yenyewe. Orodha ya makala za fungu moja huanza kwa neno category, ya makala za mwandishi mmoja kwa author, na ukurasa wa pili wa orodha yoyote hutanguliwa na page. Neno la fungu mtu aweza kulibadili katika ukurasa wa mipangilio, akaandika fungu au mada. Kwa author na page hakuwekewa nafasi hapo. Kwa hiyo tovuti iliyotafsiriwa yote, kuanzia vichwa hadi vitufe, bado huzungumza Kiingereza katika anwani zake. Kasoro hii ni ndogo ikilinganishwa na zilizotangulia, lakini yaonyesha dhana ile ile: kwamba anwani si sehemu ya lugha ya tovuti.

Limebaki suala la kudumu. Mhariri akilibadili jina la makala moja, WordPress hulikumbuka jina la zamani na kumpeleka msomaji kwenye jipya. Hilo ni jema, nalo limeokoa marejeo mengi. Lakini akiubadili mpango mzima, kwa mfano kwa kuondoa mwaka na mwezi, programu hutegemea kukisia kutokana na kipande cha jina kilichobaki, na mwenye kukisia hukosa. Mpango wenye jina la fungu ndani ya anwani una udhaifu mwingine, maana mafungu ni maoni ya leo juu ya elimu, na maoni hubadilika. Hilo nalo Berners-Lee alilionya katika insha ile ile. Mwaka na mwezi wa kuchapishwa, kinyume chake, havina sababu ya kubadilika. Wapendao anwani fupi wamezoea kuvitupa kwanza, nao hutupa kile kilichokuwa imara kuliko vyote.

Katika hayo yote, ile anwani ya namba iliyodharauliwa yaonekana kwa sura mpya. WordPress huendelea kuipokea ?p=123 hata baada ya mpango kubadilishwa, na humpeleka msomaji kwenye jina la sasa, liwe lolote. Haijali ritifaa, haijali mwandiko, wala haikatwi kwa urefu wa kichwa. Hudumu maadamu hifadhidata yahamishwa nzima. Makala zikihamishwa moja moja kwenda hifadhidata nyingine, namba zaweza kubadilika. Hii ina maana kwamba sifa mbili zitakiwazo katika anwani, kusomeka na kudumu, WordPress imezigawa kwa anwani mbili, bila ya kumweleza mtumiaji kwamba imezigawa.

Hukumu ya haki, kwa hiyo, ni ya pande mbili. Kama kazi ya ufundi, anwani zisomekazo za WordPress ni fikira iliyo safi: kanuni mbili tatu, faili moja, na wasomaji wengi wamepata majina mahali pa namba. Kama mwandiko, ni kazi isiyokamilika. Imepima kusomeka kwa kipimo cha lugha moja, kisha ikakitumia kipimo hicho kwa lugha zote isipokuwa chache zilizoombewa msamaha.

Yafaayo kufanywa yawezekana, tena si ya gharama. Kwa upande wa seva, jaribio lifanywalo wakati wa kusimika lirudiwe kila mpango wa anwani ubadilishwapo, ili mwenye blogu apewe jibu kabla wasomaji wake hawajapewa 404. Kwa upande wa tahajia, wataalamu wa Kiswahili wapatane kanuni moja ya ng' katika anwani: ama ritifaa ibaki, kwa kuwa maelezo rasmi yairuhusu, ama ipatikane badala yake isiyochanganya ng'oa na ngoa; kisha kanuni hiyo ipelekwe kwa waitunzao programu, pamoja na hoja ya kuongeza mpaka wa herufi kwa miandiko isiyo ya Kilatini. Na kwa upande wa marejeo, wahariri wa majarida yanayotumia WordPress wachapishe anwani ya namba kando ya anwani ya jina, na wanafunzi wafunzwe kuzinakili zote mbili. Jina litamweleza msomaji kile anachokwenda kukisoma; namba itamfikisha siku ambayo jina limebadilishwa.

Kazi ya pili kati ya hizo haiwezi kufanywa na mafundi peke yao. Fundi akiuliza leo ritifaa ya ng' iandikwe vipi katika anwani, hakuna chuo kitakachomshinda kwa mod_rewrite, lakini jibu la swali lake si la ufundi. Ni la tahajia, na wenye wajibu wa kulitoa wajulikana.